Retroviza zinazofaa pikapu ya zamani: namna ya kuzichagua na kuzifunga Lubumbashi

Land Cruiser HJ47 na HZJ75, Hilux za miaka ya 80, Peugeot 504 za turubai: pikapu hizi bado zinabeba mizigo Lubumbashi, na nyingi zimeharibiwa sura na retroviza (vioo vya pembeni vya kuonea nyuma) za plastiki zilizofungwa kwa sababu tu zilikuwepo dukani siku hiyo. Na si sura peke yake. Retroviza isiyolingana na mlango hutikisika hadi huoni kitu, huonyesha miti badala ya barabara, na mwishowe hupasua bati.

1. Hakikisha umri wa gari, kisha umri wa mlango

Soma namba ya modeli kwenye kibati kilichopigwa ribeti ndani ya boneti. HJ45 yenye injini ya H ni ya kabla ya HJ47, ambayo ilianza 1980 na injini ya 2H. HZJ75 ina injini ya 1HZ, kwa hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya 1990. Hilux ya kizazi cha tatu ni ya 1978 hadi 1983. Pikapu ya Peugeot 504 ilitoka 1979.

Lakini milango hubadilishwa sana baada ya ajali. Linganisha wa kushoto na wa kulia: bawaba, mashimo, dirisha dogo la pembe tatu. Ikitofautiana, fuata mlango wenye mashimo ya kiwandani. Shimo la kiwandani lina ukingo safi, na mara nyingi kwa ndani kuna nati iliyochomelewa. La mtaani lina ukingo uliokunjamana.

2. Mlango ndio unaoamua aina

Mlango wenye dirisha dogo la pembe tatu hauna nafasi ya retroviza ya pembeni ya plastiki nyeusi, ile inayokaa kwenye kona ya dirisha. Huo unataka retroviza yenye mkono, iliyofungwa kwenye bati la mlango. Kwa gari la miaka ya 70 mkono mmoja wa kromu wenye kichwa cha duara au cha mstatili mdogo unapendeza. Kwa gari linalobeba mkaa au magunia yanayozidi upana wa bodi, chagua mkono mrefu wenye vitako viwili, juu na chini. Hiyo ilikuwa kawaida kwa magari ya kazi, hivyo haivunji sura ya zamani.

Ukikuta mashimo juu ya madigadi za mbele, usiyazibe haraka. Hadi 1983 sheria ya Japani ilitaka magari ya soko lake la ndani yawe na retroviza kwenye madigadi, si mlangoni. Gari la namna hiyo lina haki ya kubaki hivyo, ila kioo kiko mbali na dereva na kitu kinaonekana kidogo.

Kabla ya kwenda sokoni, weka karatasi juu ya mashimo na uisugue kwa penseli hadi alama zitokee. Nenda nayo. Tofauti ya milimita 3 kati ya mashimo inatosha kukulazimisha kupanua shimo, na shimo lililopanuliwa ndilo linaloanza kutikisika.

3. Upande wa usukani: hapa ndipo wengi wanapoteza pesa

Kongo tunapita kulia na usukani uko kushoto. Zambia na Tanzania ni kinyume, na vipuri vingi vya mitumba vinavyoingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa vimetoka kwenye magari yao. Retroviza ya kulia kutoka huko ilikuwa ya dereva, aliyekaa karibu nayo. Kwako itakuwa ya upande wa abiria, na macho yako yako mbali zaidi ya mara mbili. Lazima kioo kigeuke ndani zaidi ili kikufikie.

Kama kichwa kizima kinazunguka juu ya gololi mwishoni mwa mkono, hakuna tatizo, geuza tu. Kama kichwa hakizunguki na kioo kinacheza ndani yake, kisogeze hadi mwisho kuelekea ndani ya gari. Mtu akishikilie mlangoni, wewe ukae kwenye usukani. Ukiona ubavu wa gari lako kwenye ukingo wa ndani wa kioo, nunua. Ukiona barabara ya jirani tu, kirudishe, hata muuzaji akiapa kwamba kitazoea.

Usiinunue kwa kuitazama mkononi. Kitako cha kushoto na cha kulia hukatwa kwa mteremko tofauti. Ukikigeuza juu chini, maji hukaa ndani na kutu huanza.

4. Kioo chenyewe

Weka rula juu ya kioo. Ikigusa kote, ni bapa. Ikigusa katikati na kuacha mwanya pembeni, kimebinuka. Bapa huonyesha umbali ulivyo lakini eneo dogo. Kilichobinuka huonyesha eneo pana, na lori lililo nyuma huonekana mbali kuliko lilivyo. Alama ya SR1400 maana yake mbinuko una nusu kipenyo cha milimita 1400. Kwa kushoto bapa kinafaa. Kwa kulia weka kilichobinuka, hata kama gari lilizaliwa na bapa pande zote mbili: usalama uutangulize.

Kioo bapa kilichovunjika, fundi wa vioo anaweza kukukatia kipya cha unene wa milimita 3. Kigandishe kwa silikoni isiyonuka siki. Ile inayonuka siki hula rangi ya fedha nyuma ya kioo, na madoa meusi huanzia ukingoni.

5. Chuma

Pitisha sumaku. Ikinata, ni chuma chenye kromu: kagua kutu chini ya kitako. Isiponata na kitu ni kizito, huenda ni zinki. Kwenye zinki vipele vya kromu havisafishiki. Kisha shika kichwa utikise. Gololi iliyolegea hukazwa kwa skrubu ya nyuma. Iliyolika haina dawa.

6. Kufunga

Bati la mlango ni jembamba. Ndani weka kibati cha chuma cha milimita 2, upana kama sentimita 4 kwa 8, na nje mpira wa shambere (mrija wa ndani) ya tairi chini ya kitako. Kama lazima utoboe, toa kwanza kava la ndani, pandisha na kushusha kioo cha dirisha uone kinapopita, anza na keekee ya milimita 3 kisha 6.5 kwa buloni ya M6. Paka rangi ya kuzuia kutu kwenye ukingo wa shimo siku hiyohiyo. Kaza kwa spana ya 10 hadi mpira uanze kubonyea, uishie hapo.

Fungua mlango hadi mwisho kabla ya kukaza kabisa: kichwa kisiguse madigadi. Baada ya safari ya kwanza ya kwenda mji wa Likasi na kurudi, kaza tena, kwa sababu mpira utakuwa umekaa na buloni zimelegea.