Jeli za embe na pasheni: jelatini, kolajeni, na kwa nini nyingine hugoma kuganda

Jelatini na kolajeni hutoka mahali pamoja: ngozi, mifupa na kano za mnyama, au ngozi na magamba ya samaki. Kinachozitofautisha ni urefu wa nyuzi zake. Nyuzi za jelatini bado ni ndefu, kwa hiyo zikipoa hushikana, zikabana maji katikati yake, na jeli ikaganda. Kolajeni ya unga inayouzwa kwenye makopo imekatwakatwa hadi imebaki vipande vifupi visivyoweza kushikana tena. Ndiyo maana inayeyuka hata kwenye maji baridi, na ndiyo maana haiwezi kushika nafasi ya jelatini. Tia kolajeni peke yake kwenye juisi, iache kwenye friji wiki nzima, utaikuta juisi ile ile.

Basi kazi ya kugandisha ni ya jelatini. Kolajeni hapa ni nyongeza ya protini, na unaweza kuiacha kabisa bila jeli kuharibika.

Dukani

Soma kopo kabla ya kulipa. Jelatini nyingi inayotengenezwa Ulaya inatokana na ngozi ya nguruwe, na neno "gelatin" likiandikwa peke yake halikuambii ni mnyama gani. Tafuta palipoandikwa "bovine", yaani ya ng'ombe, au "fish", ya samaki. Ikiwa familia inakula halali, hata ile ya ng'ombe itazamwe kama ina alama ya halali, kwa sababu ng'ombe naye huchinjwa kwa namna tofauti. Fanya vivyo hivyo kwa kolajeni. Anayedhurika na samaki asiguse ile iliyoandikwa "marine".

Usichanganye jelatini na ule unga wa jeli wa pakiti wenye rangi nyekundu au kijani. Ule sehemu kubwa ni sukari, rangi na ladha, na kiasi cha kigandisho kilichomo ni cha kutosha jeli laini ya kula kwa kijiko. Hapa tunataka jeli inayokatwa vipande, inayoshikika mkononi, yenye kutafunika.

Vipimo

Kwa trei ya mraba ya sentimita 20 kwa 20, jeli ikitoka na unene wa kama sentimita moja:

Maji baridi, mililita 120
Jelatini ya unga, gramu 30
Embe lililosagwa na kuchemshwa, mililita 120
Juisi ya pasheni iliyochujwa, mililita 80
Sukari au asali, gramu 40
Kolajeni ya unga, gramu 20
Chumvi, kiasi cha kubana kwa vidole viwili

Gramu 30 za jelatini ni takriban vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa. Kolajeni ni nyepesi zaidi na makopo hayafanani, kwa hiyo kijiko kitakudanganya. Tumia mizani, au kijiko kilichomo ndani ya kopo ambacho uzito wake umeandikwa pembeni. Ukitaka jeli laini zaidi shuka hadi gramu 22 za jelatini. Ukitaka ngumu panda hadi 36. Zaidi ya hapo inakuwa ya kuvutana nayo, na harufu ya jelatini inaanza kuishinda ya tunda.

Kolajeni usiizidishe. Ukipita gramu 30 kwa kipimo hiki jeli hulegea na hunata mezani, maana umeongeza kitu kisichogandisha mahali palipohitaji kitu kinachogandisha.

Kuloweka

Mimina maji baridi kwenye bakuli pana, kisha nyunyizia jelatini juu yake kidogo kidogo, ienee. Usifanye kinyume, yaani kumwaga maji juu ya unga uliorundikana: unga wa nje utavimba haraka na kuufungia wa ndani ukiwa mkavu, na madonge hayo hayatayeyuka hata ukoroge hadi jioni. Iache dakika 10 bila kuigusa. Itanyonya maji yote na kuwa kama mchanga uliolowa, kisha itashikana kuwa bonge moja linalotikisika. Ukiona bado kuna chembe nyeupe kavu, nyunyizia kijiko kimoja cha maji na usubiri.

Maji yawe baridi kweli. Yakiwa ya vuguvugu chembe za nje zinaanza kuyeyuka kabla za ndani hazijanywa maji, na matokeo ni madonge yale yale.

Motoni

Saga embe lililoiva, lichuje ili nyuzi zitoke, kisha libandike kwenye sufuria ndogo pamoja na sukari na chumvi. Likianza kutokota, liache kwa dakika 3 hadi 5 huku ukikoroga lisishike chini. Pima mililita 120 baada ya kuchemka, kwa sababu litapungua. Sababu ya kulichemsha inakuja chini.

Epua, acha lipoe dakika chache mpaka mvuke mwingi ukatike. Unalenga kati ya nyuzi 60 na 70 za Selsiasi. Bila kipimajoto, chovya kijiko kisha gusa mgongo wake: uwe moto wa kukufanya uondoe kidole, lakini usikuunguze. Sasa tia bonge la jelatini na ukoroge taratibu kwa mwiko mpaka liyeyuke lote. Chukua kidogo kwenye kijiko na ukiinamishe kwenye mwanga. Ukiona vichembe vinavyong'aa vimeshika kijiko, bado. Rudisha sufuria kwenye moto mdogo sana kwa nusu dakika, ukoroge tena.

Jelatini isichemke. Haiharibiki papo hapo, lakini joto kali la muda mrefu linazikata zile nyuzi, na kila dakika ya kutokota inapunguza nguvu ya kugandisha. Hasa ikiwa ndani ya tunda chachu.

Baada ya hapo nyunyizia kolajeni huku ukikoroga. Haihitaji kulowekwa. Usiipige kwa mchapo wa mayai wala kwa blenda, maana jelatini na kolajeni zote hushika hewa vizuri sana na utapata povu jeupe litakaloganda juu ya jeli. Povu likitokea, liache dakika mbili lipande, ulikusanye kwa kijiko.

Pasheni inaingia mwisho, ikiwa mbichi, mchanganyiko ukiwa umepungua joto. Harufu yake hupotea upesi motoni, na uchachu wake hudhoofisha jelatini kadiri zinavyokaa pamoja kwenye joto. Ukitumia asali badala ya sukari, nayo iweke hapa. Jeli hiyo asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Kugandisha na kukata

Paka trei mafuta yasiyo na harufu, kiasi cha kung'aa tu, au tandika karatasi ya kuokea. Mimina, gonga trei mezani mara mbili tatu mapovu yatoke, weka kwenye friji. Baada ya saa 2 inashikika, lakini jelatini huendelea kukaza kwa saa nyingi. Iliyolala usiku kucha inakatika kwa ncha safi na haipasuki. Friza si njia ya mkato: jeli ikiganda barafu, maji yanajitenga, na ikiyeyuka inatoa jasho na kubaki kama sponji. Dakika 10 za kuipoza haraka zinatosha, kisha irudi kwenye friji.

Kata kwa kisu kilichochovywa maji moto na kufutwa. Vipande vya sentimita mbili na nusu vitatoka 64. Kwa hesabu ya jumla, trei nzima ina kama gramu 44 za protini, hivyo vipande kumi ni takriban gramu 7, zaidi kidogo ya yai moja. Ila si protini kamili: kolajeni na jelatini zote hazina triptofani, moja ya vijenzi ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Na kolajeni ukiila haiendi moja kwa moja usoni au magotini. Husagwa tumboni kama protini nyingine, na mwili hutengeneza yake wenyewe, kazi ambayo huhitaji vitamini C. Mgonjwa wa figo aliyewekewa kikomo cha protini aihesabu kama anavyohesabu nyama.

Ukitaka zitafunike zaidi, zipange kwenye sahani bila kugusana na uziache wazi kwenye friji siku moja. Hewa baridi itazikausha. Kuzipaka sukari kufanywe wakati wa kula tu, maana sukari huvuta maji na baada ya saa chache utakuta zimelala kwenye sharubati.

Matunda yanayogoma

Nanasi lisilopikwa, papai bichi na lililoiva, kiwi, tini na tangawizi mbichi vina vimeng'enya vinavyokata protini. Ndivyo hivyo hivyo vinavyolainisha nyama ngumu ikipakwa papai, na jelatini ni protini. Ukitia juisi mbichi ya nanasi hutapata jeli laini. Hutapata jeli kabisa. Embe nalo lina kidogo, ndiyo sababu tulilichemsha. Dawa ni moto: chemsha juisi ya tunda hilo dakika 5 zikitokota, ipoze, kisha ndipo jelatini iingie. Nanasi la kopo limeshapikwa kiwandani, halina shida.

Kosa la kawaida ni kuchemsha juisi vizuri, kisha kupamba na vipande vibichi vya nanasi juu. Kila kipande kitachimba kishimo chake cha maji.

Ndimu, ukwaju na pasheni zina tatizo jingine, la uchachu. Jeli huganda, lakini kwa ulegevu. Usizidishe robo ya kioevu chote, au ukizidisha ongeza gramu 5 za jelatini. Chai kavu iliyokolea nayo hufanya jelatini itie ukungu na wakati mwingine nyuzinyuzi, kwa sababu ya tanini, kile kinachokausha ulimi ukinywa chai kali.

Tui la nazi linapendeza kama tabaka la pili, ila likimiminwa moto mafuta hupanda juu na kuganda kama utando. Lisubiri liwe vuguvugu, na tabaka la chini liwe limeshika lakini bado linanata kidoleni. Likishakauka sana, tabaka mbili zitaachana ukikata.

Ikishindikana

Jeli iliyobaki kimiminika asubuhi inaokolewa kulingana na chanzo. Kama jelatini ilikuwa kidogo, au ilichemka, pasha taratibu, loweka gramu 7 nyingine kwenye vijiko vitatu vya maji, changanya. Kama ni kimeng'enya, kuongeza jelatini bila kuchemsha ni kumtupia samaki chambo. Chemsha mchanganyiko wote dakika 5, upoze, kisha weka kipimo kizima kipya cha jelatini, kwa sababu ile ya kwanza imeshaliwa.

Ikiwa imeganda juu na chini kuna tabaka gumu kama mpira, jelatini haikuyeyuka yote ikazama. Pasha, koroga, chuja.

Joto la pwani

Jeli ya jelatini huanza kulegea nyuzi 30 na kitu. Dar es Salaam au Mombasa mchana, vipande vilivyowekwa kwenye mkebe wa shule saa moja asubuhi vitakuwa vimeungana kuwa kimoja kabla ya mapumziko. Kwenye friji, ndani ya chombo chenye mfuniko, vinakaa siku 5 hadi 7. Vya dukani hudumu miezi kwa kuwa vina sukari nyingi na maji machache, hivi ni kinyume chake.

Kwa mkebe wa shule tumia agari, inayotokana na mwani na kuyeyuka tena karibu na nyuzi 85 tu. (Mwani unaolimwa Unguja na Pemba ni wa aina nyingine, huo hutoa karajinani, kigandisho kingine cha viwandani.) Chemsha gramu 3 za agari ya unga kwenye mililita 150 za maji kwa dakika 2 kamili, kisha tia mililita 150 za juisi ya vuguvugu. Juisi ya baridi itaigandisha vipandevipande ukiwa bado unakoroga. Agari si protini, kwa hiyo hata nanasi bichi haliisumbui, na kolajeni gramu 20 inaingia vilevile. Itakatika kwa meno badala ya kutafunika. Watoto wa chini ya miaka minne wakatiwe vipande vidogo sana na wale wamekaa, kwa sababu jeli ya aina yoyote huteleza kooni kabla haijatafunwa.