Ndimu inaua au inazuia tu? Pima mwenyewe

Mama mmoja anayeuza juisi nyuma ya Marikiti hapa Mombasa aliitikia shikamoo yangu, akanijazia glasi, kisha akaniambia: "Mwanangu, ukwaju wangu hauhitaji friji. Ule ukali wenyewe ni dawa, hakuna kidudu kiishicho mle." Sikutaka ubishi na glasi ya mtu mkononi. Lakini mimi ni fundi wa maabara ya shule, kazi yangu kuosha neli na kuchanganya kemikali, na maneno kama yale hunikaa kichwani. Muhula uliofuata, vijana wa kidato cha tatu walipokuja kuomba wazo la kongamano la sayansi, niliwapa lile. Tumeshalifanya mara nne, na mara mbili tuliliharibu vibaya sana.

Kwanza, ujue unauliza nini. Kumzuia bakteria asizaane ni jambo moja, kumuua ni jingine. Wengi hukata viduara vya karatasi ya kuchujia, wakavichovya kwenye juisi, wakavilaza juu ya agari (rojo iliyoganda ya kuoteshea) yenye bakteria na kungoja pazuke duara safi. Ni rahisi, na picha yake hupendeza ubaoni. Ila duara lile halikwambii kama waliokuwa pale wamekufa au wamejinyamazia tu. Tena juisi nzito kama ya embe haisambai vizuri ndani ya agari, kwa hiyo duara dogo huenda likawa la uzito wa embe tu. Ukitaka kujua nani kasalimika, huna budi uwahesabu.

Sasa, bakteria gani? Mwaka wa kwanza tulitumia wale wa maziwa lala. Ni salama, na bei yao ni pakiti moja ya dukani. Tukawatia kwenye ukwaju, nusu saa, na wala hawakushtuka. Watoto wakaandika kwa herufi kubwa: JUISI HAIUI BAKTERIA. Nami nikapita bila kufikiri, mpaka usiku nikiwa kitandani ndipo nikagutuka: hawa ndio wanaochachusha maziwa! Asidi ni mazao yao wenyewe, wamezoea kuishi ndani yake.

Tangu hapo natumia E. coli, bakteria wa utumboni, wa aina ya K-12, kutoka kwa muuzaji wa vifaa vya maabara anayeaminika. Hii ni aina ya maabara, imefugwa kwenye chupa tangu mwaka 1922, na imepoteza makali ya kumgonjesha mtu mwenye afya. Kijana mmoja alitaka kuniletea maji ya Tudor Creek ndani ya chupa ya soda ili "tupate bakteria wa kweli". Nilikataa, nawe ukatae. Usichukue bakteria wa chooni, wa mtaroni wala wa kidonda cha mtu, maana ukiwaotesha kwenye sahani unawazidisha bila kujua ni nani.

Vifaa ni vichache: sahani za Petri (visahani vyenye vifuniko vya kuoteshea bakteria), neli, sirinji za mililita 1 za duka la dawa (bila sindano), karatasi zenye rangi nyingi za kupimia pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka chini ya 7, ukali unazidi), taa ya spiriti, na presha kuka. Yetu niliitoa nyumbani kwangu kwa ahadi kwamba itarudi Ijumaa. Agari, mchuzi wa virutubishi (chakula cha majimaji cha bakteria) na maji ya chumvi (gramu 9 kwa lita) vyote hupikwa humo dakika 15 tangu mvuke ushike presha kamili, kwenye nyuzi 121. Usianze kuhesabu dakika maji yanapochemka.

Agari ni ule ule unga wa mwani ambao mama zetu hugandishia faluda, na kwa hakika ni jikoni ulikotoka kuja maabara. Fanny Hesse, mke wa mtafiti wa Ujerumani, ndiye aliyempa mumewe wazo hilo mwaka 1881, kwa kuwa jelatini waliyokuwa wakiitumia iliyeyuka joto likipanda. Mtu wa Mombasa anamwelewa bibi huyu bila maelezo. Sahani ya jelatini mwezi wa Machi hapa kwetu ni supu kabla ya saa nne asubuhi. Mwani unaolimwa Kibuyuni kule Kwale, kwa wanaopenda kuuliza, si wa agari. Ule hutoa karajinani, kitu kingine.

Juisi kamua mwenyewe. Sisi huchukua nne: ndimu, ukwaju, embe na tikiti maji, kwa sababu zinashuka ngazi vizuri. Ndimu hukaa karibu na pH 2 na kidogo, ukwaju karibu na 3, embe karibu na 4, tikiti hupita 5. Osha tunda, osha kisu, chuja kwa kitambaa kilichochemshwa. Usitie maji ya bomba wala barafu. Mwaka wa pili tulinunua juisi ya embe njiani ili kuokoa muda, tukaipanda ilivyo, bila kuongeza bakteria wowote, kama sahani ya kulinganishia. Kesho yake ile ndiyo iliyojaa kuliko zote, koloni (madoa ya bakteria waliozaana pamoja) za njano, nyeupe, na moja ya waridi. Jaribio zima tukalitupa. Tangu siku hiyo kila juisi lazima iwe na sahani yake tupu namna hiyo, usije ukahesabu wageni ukadhani ni wenyeji.

Halafu kuna sahani mbili ambazo wanafunzi huziona za usumbufu, nami naziona ndizo jaribio lenyewe. Nunua ndimu ya unga kwenye duka la viungo, iyeyushe kwenye maji safi kidogo kidogo hadi karatasi ya pH ionyeshe sawa na juisi ya ndimu. Hiyo ni asidi peke yake, bila tunda. Kisha chukua juisi ya ndimu halisi, uitie bikaboneti ya soda hadi ifike 7. Hiyo nayo ni tunda bila asidi. Tumia chombo kikubwa, maana itafoka kama soda iliyotikiswa. Yetu ilimwagika mezani ikafika hadi kwenye daftari la matokeo. Kama ndimu ya unga inaua sawa na ndimu, na ndimu iliyotiwa bikaboneti haiui kitu, basi muuaji umemjua.

Siku ya kazi, anza na mchuzi wa bakteria uliolala usiku mmoja, na kila mara uwe wa umri huo huo. Bakteria waliokwisha kushiba na kutulia huvumilia asidi kuliko wale walio katikati ya kuzaana, kwa hiyo ukichanganya umri utapata majibu yasiyofanana, ukadhani ni tunda. Tia mililita 9 za juisi kwenye neli, ongeza mililita 1 ya mchuzi, tikisa, pima pH tena (mchuzi huipandisha kidogo). Neli nyingine iwe na maji ya chumvi badala ya juisi. Chota sampuli mara tu unapochanganya, kisha baada ya dakika 30, kisha baada ya saa 2.

Kila sampuli huzimuliwa. Mililita 1 kwenye mililita 9 za maji ya chumvi, tikisa, badilisha sirinji, mililita 1 ya hiyo kwenye 9 nyingine, hivyo hivyo hadi neli ya 6. Kuzimua kunafanya kazi mbili: kunapunguza idadi iweze kuhesabika, na kunaisimamisha asidi isiendelee kuua ukiwa umeshasema "basi". Panda mililita 0.1 ya neli tatu au nne kwenye agari, sahani mbili mbili, ukitandaza kwa kijiti cha kioo kilichopitishwa kwenye moto na kupoa. Zima pangaboi. Najua joto la maabara saa nane mchana. Lakini kuna mtoto aliyeiwasha mara moja tu nilipotoka nje, taa ya spiriti ikazimika, na siku ya tatu tulikuwa na shamba la ukungu wa kijani.

Funga sahani kwa utepe sehemu mbili, zigeuze juu chini, uziache kabatini. Kwetu nyuzi 28 au 30 za chumbani zinatosha, na hupaswi kuzipeleka hadi joto la mwili wa binadamu, maana huko ndiko vidudu vya maradhi hustawi. Zikishaota, usizifungue tena.

Hesabu sahani zenye koloni kati ya 30 na 300 pekee. Tuseme neli ya maji ya chumvi imetoa koloni 84 kutoka uzimuaji wa 5, yaani neli ya tano, iliyozimuliwa mara 100,000: 84 mara 100,000, mara 10 kwa kuwa ulipanda sehemu ya kumi ya mililita, ni 84,000,000 kwa mililita. Upande wa ndimu, tuseme ni 84 kutoka uzimuaji wa 2, yaani 84,000. Sifuri tatu zimeanguka. Linasikika jambo kubwa, watoto hupiga makofi, nami huwaonyesha kwamba elfu themanini na nne bado wamo ndani ya kila mililita. Marekani, baada ya juisi ya tofaa isiyochemshwa kugonjesha watu mwaka 1996, sheria iliyotolewa mwaka 2001 ilitaka watengenezaji waangushe sifuri tano, kwa kidudu kile kigumu zaidi.

Nilirudi kwa yule mama na daftari, nikamwambia ukwaju unawapunguza polepole, si papo hapo, na embe hata haiwagusi. Akanisikiliza akiwa anaponda barafu kwa mpini wa kisu. "Na barafu je, mwanangu, umeipima?" Sikuwa nimeipima. Hiyo ndiyo ya muhula ujao.

Ukimaliza, sahani zote, neli na sirinji zirudi kwenye presha kuka dakika 20 kabla ya kutupwa, meza uipanguse kwa jiki iliyozimuliwa, nawa mikono kwa sabuni. Harufu ya agari iliyopikwa mara ya pili haitoki. Nimejaribu magadi, nimejaribu hata ndimu. Presha kuka ile ikawa mali ya shule, na nyumbani ilibidi ninunue nyingine.