Namna ya Kufundisha Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja: Mfano wa Nchi Zilizotoka Umoja wa Kisovieti

Nafundisha Historia na kusimamia klabu ya midahalo katika sekondari moja hapa Moshi. Tukifika kwenye mada ya ushirikiano wa kikanda, wanafunzi huuliza: nchi zikisaini kulindana, kweli hulindana? Swali hili ni zito, na orodha ya wanachama ubaoni hailijibu. Walimu wenzangu, jaribuni njia hii. Inahitaji vipindi viwili vinavyofuatana.

Hatua ya 1: Anza na jeshi, mkataba uje baadaye

Desemba 1991 Umoja wa Kisovieti ulivunjika, zikabaki nchi 15. Waulize wanafunzi: kambi iliyoko Tajikistan, yenye vifaru vya Moscow na maafisa wazaliwa wa Urusi, sasa ni ya nani? Waache wabishane kidogo. Kisha waeleze kwamba kulikuwa na jaribio la kubaki na kamandi moja, lakini kila serikali ikaanza kuunda jeshi lake. Wakati huohuo Armenia na Azerbaijan zilikuwa zikipigania Nagorno-Karabakh, eneo la Azerbaijan lenye wakazi wengi Waarmenia, na Tajikistan ilikuwa inaingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Katika hali hiyo, tarehe 15 Mei 1992, nchi sita zilisaini mkataba wa usalama wa pamoja mjini Tashkent, Uzbekistan: Urusi, Armenia, Kazakhstan, Kyrgyzstan, Tajikistan na Uzbekistan.

Hatua ya 2: Bandika manila ya walioingia na waliotoka

Kalamu ya bluu kwa walioingia, nyekundu kwa waliotoka. Mwaka 1993 ziliingia Azerbaijan, Georgia na Belarus. Mwaka 1999, muda wa mkataba ulipohitaji kuongezwa, Azerbaijan, Georgia na Uzbekistan zilikataa. Mwaka 2002 waliobaki waliunda shirika kamili, CSTO, yaani Shirika la Mkataba wa Usalama wa Pamoja. Uzbekistan ilirudi 2006, ikatoka tena 2012. Usiruke mistari ya Uzbekistan. Darasa likiiona kwa macho halihitaji maelezo marefu.

Hatua ya 3: Someni Kifungu cha 4

Kifungu hiki cha mkataba wa Tashkent kinasema kwamba mwanachama akishambuliwa, ni sawa na wote kushambuliwa, na wenzake watampa msaada, ukiwemo wa kijeshi. Mwite mwanafunzi mmoja akisome kwa sauti. Kisha uliza: nani anaamua kwamba hili ni shambulio? Jibu ni baraza la viongozi wakuu wa nchi wanachama, na wanaamua kwa kukubaliana wote.

Hatua ya 4: Chunguzeni siku ya kuomba msaada

Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hiyo lipe kipindi kizima. Gawa darasa makundi matatu. Kila kundi lijibu: nani aliomba, adui alikuwa nani, na alijibiwa nini.

Kundi la kwanza lichukue Kyrgyzstan, Juni 2010. Watu walikuwa wakiuana kwa misingi ya kikabila katika mji wa Osh, kusini mwa nchi. Kiongozi wa mpito, Roza Otunbayeva, aliiomba Urusi askari. Alijibiwa kwamba hayo ni mambo ya ndani, na CSTO nayo haikupeleka askari.

La pili lichukue Kazakhstan, Januari 2022. Maandamano yalianza kwa sababu ya bei ya gesi ya magari. Tarehe 5 Rais Tokayev aliomba msaada wa CSTO akidai kuna magaidi waliofunzwa nje. Kesho yake askari wakaanza kuwasili, na ilipofika tarehe 19 walikuwa wameshaondoka.

La tatu lichukue Armenia, Septemba 2022. Azerbaijan ilipiga ndani ya ardhi ya Armenia yenyewe. Armenia ikaiomba CSTO msaada, ikaletewa ujumbe wa kuchunguza hali. Novemba, kwenye mkutano wa CSTO uliofanyika Yerevan, mji mkuu wa Armenia, Waziri Mkuu Pashinyan alikataa kusaini tamko la pamoja. Mwaka 2024 Armenia ilisimamisha ushiriki wake katika CSTO.

Makundi yakiwasilisha, wengi hukimbilia kusema Urusi ilisaliti. Wasikilize, kisha wape jambo moja la kupima: tarehe 22 Februari 2022 Urusi ilisaini na Azerbaijan tamko la ushirikiano wa kiwango cha washirika wa karibu. Mlinzi alikuwa na urafiki pande zote mbili. Mimi naona hilo linaeleza zaidi kuliko neno usaliti, kwa sababu linamlazimisha mwanafunzi kutafuta maslahi ya kila mwanachama.

Hatua ya 5: Rudini nyumbani

Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulisainiwa Arusha mwaka 1999, na Kifungu cha 125 kinahusu ulinzi. Mkiweza, nendeni makao makuu pale Arusha, lakini wanafunzi wawe wamekwisha kukisoma. Kazi ya nyumbani ni ukurasa mmoja: walinganishe kifungu hicho na cha 4 cha CSTO, waonyeshe ni kipi kinachoahidi kupigana na ni kipi kinachoahidi kushirikiana, wakipigia mstari maneno yanayothibitisha.