Kamera ijayo itakuja na nini? Pima tetesi kwa kikokotoo kabla ya kuvunja kibubu

Tetesi za kamera mpya huingia kwenye magrupu ya wapiga picha wa Mwanza kama msimu: megapikseli 80, fremu 60 kwa sekunde, haichemki, betri siku nzima. Mwenye kamera ya miaka minne anaahirisha lenzi aliyokuwa anaihitaji, anasubiri. Mwingine anauza aliyonayo kwa bei ya kutupa ili awe tayari. Nyingi ya tetesi hizo zinaweza kupimwa kwa kikokotoo cha simu ndani ya dakika kumi, na mwongozo huu unaonyesha namna.

Anza na picha zilizoharibika

Kabla ya kusoma tetesi yoyote, fungua picha 500 za mwisho ulizopiga kazini, zikiwemo ulizofuta kama bado ziko kwenye kadi au kompyuta. Kila iliyoharibika iandikie sababu moja tu: fokasi ilikosa, umechelewa kubonyeza, mistari ya taa za LED, chenga kwenye giza, au kitu kilichopinda kwa sababu ya mwendo. Kisha hesabu.

Ukikuta nyingi ni za kuchelewa, hauna cha kusubiri. Mtu huchukua karibu robo sekunde tangu aone tukio hadi kidole kibonyeze. Tai mla samaki akishuka karibu na mitumbwi, robo sekunde ndiyo kucha kugusa maji na kuondoka. Dawa yake ipo tayari: kamera inaweka fremu za nusu sekunde au sekunde nzima kabla hujabonyeza, na kwa fremu 30 kwa sekunde robo yako uliyochelewa ni fremu saba au nane zilizookolewa. Ila soma masharti. Nikon Z9 na Z8 hufanya hivyo kwa JPEG (picha iliyokwisha kubanwa) tu, wakati Sony A9 III na Canon R5 Mark II zinahifadhi RAW (faili ghafi la sensa). Hapo ndipo pa kukisia kwa uhakika: kitu ambacho mpinzani anacho kwa RAW na wewe unacho kwa JPEG, kizazi kijacho cha kampuni yako karibu hakika kitakileta.

Kasi ya kusoma sensa ndiyo mama wa yote

Kama una muda wa kuelewa jambo moja tu, liwe hili. Shata ya kielektroniki kwenye kamera nyingi haichukui picha nzima kwa mpigo. Sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, inasomwa mstari kwa mstari, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Sensa ya kawaida ya fremu kamili (ukubwa wa filamu ya milimita 35) inaweza kutumia karibu 1/15 ya sekunde kumaliza. Sensa ya tabaka, ambayo sakiti na kumbukumbu zimebandikwa nyuma ya pikseli, inamaliza kwa takriban 1/250. Sony A9 ya mwaka 2017 ndiyo iliyofungua mlango huo kwa fremu kamili, na mwaka 2021 Nikon Z9 ikathubutu kuondoa kabisa shata ya chuma kwa sababu sensa yake ilikuwa na kasi ya kutosha.

Chukua wacheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, wanaporusha majembe. Tuseme mpini unakata upana wa picha, pikseli 6000, kwa nusu sekunde. Huo ni mwendo wa pikseli 12,000 kwa sekunde. Sensa ya 1/15 ikisoma kutoka juu hadi chini, mpini umeshasogea pikseli 800, kwa hiyo unatoka umelala kama upinde. Sensa ya 1/250 inaupa nafasi ya pikseli 48 tu, ambayo jicho halitaiona.

Kasi hiyohiyo inaamua mambo manne ambayo tetesi huyataja kana kwamba ni tofauti: fremu kwa sekunde, fokasi inayofuata kitu bila kupotea, kitafutio kisichozima kati ya fremu, na video isiyoyumba kama jeli. Ukisikia yote manne yameboreshwa na sensa ni ileile ya zamani, tia shaka.

Pima kamera yako mwenyewe ili uwe na namba ya kulinganisha. Unahitaji ukuta mweupe, stendi, na taa ya LED ya bei rahisi inayotumia umeme wa TANESCO. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa kama hiyo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Weka shata ya kielektroniki, 1/2000, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ipandishe hadi ukuta uonekane, vuruga fokasi makusudi, piga picha moja. Hesabu mistari myeusi kutoka juu hadi chini, gawanya kwa 100. Mistari 7 maana yake sekunde 0.07, yaani karibu 1/14. Kamera ya sensa ya tabaka haitimizi hata mstari mmoja. Utaona ukuta umefifia upande mmoja tu.

Yanayoharibu kipimo hiki ni machache. Taa nzuri zenye sakiti bora haziwaki na kufifia hivyo, kwa hiyo usipoona mstari wowote badilisha taa kabla ya kuisifu kamera. Taa za betri na sola, kama zile za wavuvi wa dagaa, hazifuati hezi 50, zisitumie. Jenereta nayo si ya kuaminika. Halafu pima mara mbili, fremu moja moja na mfululizo, maana baadhi ya kamera zikipiga mfululizo hushuka kutoka biti 14 hadi 12 ili zisome haraka. Tetesi inayosema "kasi mara mbili" wakati mwingine inaficha hapo.

Hesabu ya kadi

Tetesi ya megapikseli 80 kwa fremu 60 tuipeleke kwenye kikokotoo. Zidisha megapikseli kwa biti 14 za kila pikseli, gawanya kwa 8, unapata megabaiti za fremu moja kabla ya kubanwa: 80 × 14 ÷ 8 = 140. Mara 60 ni megabaiti 8,400 kwa sekunde, yaani gigabaiti 8.4. Kadi ya CFexpress aina B ya kizazi cha kwanza ina dari ya gigabaiti 2 kwa sekunde, na ile ya kizazi cha 4.0 karibu 4. Hizo ni dari za karatasini. Kuandika kwa mfululizo kadi ikiwa imejaa nusu na ina moto ni chini ya hapo.

Hata ukibana faili bila kupoteza ubora, ukabaki na theluthi mbili, bado ni gigabaiti 5.6. Lazima bafa, kumbukumbu ya muda iliyo ndani ya kamera, ibebe. Tuseme bafa ni ya gigabaiti 10 na kadi inapokea 1.5 kila sekunde: 10 ÷ (5.6 − 1.5) ni kama sekunde mbili na nusu, kisha kamera inakwama. Kwa hiyo tetesi hiyo si lazima iwe uongo, ila utakachopata ni sekunde mbili na nusu za sifa. Linganisha na Z9: megapikseli 45.7 ni kama megabaiti 80, mara fremu 20 ni gigabaiti 1.6 kwa sekunde, na ikibanwa inaingia kwenye kadi vizuri. Ndiyo maana iliwezekana mwaka 2021.

Shata ya mpigo mmoja na jua la saa saba mchana

Sony A9 III, iliyotangazwa Novemba 2023, ilikuwa ya kwanza kwenye fremu kamili kusoma sensa nzima kwa mpigo mmoja. Hakuna kupinda wala kikomo cha flashi. Tangu hapo kila tetesi inasema kamera ijayo itakuwa hivyo. Tulia kidogo.

Faida yake ufukweni ni ya kweli. Piga mvuvi kwenye mtumbwi, uso umetiwa kivuli na kofia, ziwa nyuma yake linang'aa. Jua kali linadai tundu la lenzi la f/16 kwa shata ya 1/100 kwenye ISO 100. Flashi ya kawaida inakufunga kwenye 1/250, kwa hiyo utalazimika kwenda f/10, na kila jahazi na nguzo nyuma ya mtu wako vitaonekana wazi. Kwa A9 III, ISO yake ya kawaida inaanzia 250, kwa f/2.8 unahitaji 1/8000, na flashi bado inafanya kazi. Tatizo linakuja hapa: flashi inayokaa juu ya kamera ikiwa kwenye nguvu zote, mwako wake unadumu muda mrefu kuliko 1/8000, hivyo shata inaukata na uso unabaki na giza. Punguza nguvu hadi robo au chini, mwako uwe mfupi, sogea karibu.

Gharama ya teknolojia hiyo iko kwenye pikseli. Kila pikseli inahitaji pa kuhifadhia chaji ikisubiri kusomwa, nafasi hiyo inakatwa kutoka kwenye sehemu ya kupokea mwanga. Ndiyo sababu ISO inaanzia 250 badala ya 100, na vivuli ukivifungua vinatoa chenga mapema. Kwa megapikseli 24 inavumilika. Kuipeleka kwenye 45 au 60, ambako pikseli ni ndogo zaidi, ni kazi nyingine. Kwa maoni yetu, kamera za juu zijazo nyingi zitabaki na sensa ya tabaka yenye kasi zaidi, na shata ya mpigo itabaki kwenye kamera za michezo. Za katikati zitafuata njia ya Nikon Z6III ya 2024, sensa iliyowekewa tabaka nusu: kasi katikati, bei katikati, na vivuli vya ISO 100 vyenye chenga kidogo zaidi kuliko vya Z6II iliyoitangulia. Hakuna cha bure.

Joto

Watengenezaji hupima muda wa video kwenye chumba chenye joto la wastani. Canon R5 ilipotoka 2020, dakika 20 za video ya 8K zilitangazwa kwa nyuzi 23. Kwenye mchanga wa ufukweni saa nane mchana, kamera nyeusi juani haijui kitu kinachoitwa nyuzi 23. Ukisikia muda wowote wa video, upunguze mwenyewe.

Ukitaka kukadiria joto la kamera ijayo, tafuta betri yake. Betri nyingi za mwili mdogo zina kama wati-saa (Wh) 16. Rekodi mfululizo hadi iishe. Ikiisha kwa saa moja na nusu, kamera inakula wati 10 na ushee, na karibu zote zinageuka joto. Tetesi ikisema 8K mara mbili ya fremu kwa betri ileile na mwili uleule usio na feni, jibu unalo. Feni ikitajwa, uliza hewa yake inapita wapi. Siku wale wadudu wa ziwa wanapopanda kama moshi, hutaki feni inayovuta hewa kupitia sakiti. Canon R5 C ya 2022 ina njia ya hewa iliyotengwa na sakiti, huo ndio mfano wa kudai.

Pa kupata dalili zenye uzito

Hataza (maombi ya haki ya uvumbuzi) za Japani huchapishwa miezi 18 baada ya kuombwa, kwa hiyo unachokisoma leo ni wazo la mwaka mmoja na nusu uliopita, na nyingi haziwi bidhaa kamwe. Usajili wa redio una uzito zaidi, kwa sababu kamera yenye Wi-Fi haiuzwi Marekani kabla FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, haijaithibitisha. Ukiona namba mpya hapo, bidhaa ipo. Haitakuambia sensa.

Kalenda inasaidia. Canon na Nikon zilitoa kamera zao kuu kufuata Olimpiki: 1D X na D4 mwaka 2012, 1D X Mark II na D5 mwaka 2016, 1D X Mark III na D6 mwaka 2020. Canon R1 ikatangazwa Julai 2024, siku chache kabla ya Olimpiki ya Paris. Los Angeles ni 2028. Anayekuambia kamera kuu mpya ziko tayari mapema kuliko hapo anaweza kuwa sahihi, ila mbebeshe mzigo wa ushahidi.

Usisahau programu ya ndani. Toleo la 2.00 la Z9, Aprili 2022, lilileta video RAW ya 8K kwa fremu 60 kwenye kamera iliyokuwa mkononi mwa watu tayari. Kabla ya kusubiri mwili mpya, angalia kama ulionao una toleo la karibuni. Chaji betri ijae kwanza. Umeme ukikatika kwenye kompyuta ni shauri jingine, lakini betri ikizima katikati ya kusasisha, kamera inaweza isiwake tena.

Uthibitisho wa picha halisi nao utaenea. Leica M11-P ya Oktoba 2023 ndiyo kamera ya kwanza kutia sahihi ya C2PA, kiwango cha kuthibitisha picha imetoka wapi, kwenye faili. Mpiga picha wa habari afahamu kwamba ukituma picha kwa WhatsApp taarifa hizo hupotea. Tuma faili lenyewe kama nyaraka, au kwa njia nyingine isiyolibana.

Siku kamera inapotangazwa

Nenda moja kwa moja kwenye maandishi madogo chini ya jedwali la sifa. Mfano mmoja unatosha: Canon R3 inatangaza fokasi hadi EV −7.5 (EV ni kipimo cha mwanga, ikishuka giza linazidi), na sharti lake ni lenzi ya f/1.2. Wewe una f/2.8. Kutoka f/1.2 hadi f/2.8 ni karibu hatua mbili na nusu (kila hatua ni nusu ya mwanga), kwa hiyo namba yako ni −5. Usiku usio na mwezi, mtumbwi wa dagaa ukiwa mbali na taa yake, tofauti hiyo ndiyo fokasi kushika au lenzi kwenda na kurudi bila kusimama. Kama orodha yako ya picha 500 ilionyesha fokasi ya gizani ndiyo shida, lenzi ya f/1.8 ya bei nafuu itakupa hatua zaidi ya moja leo hii, kwenye kamera uliyonayo.