Tela dogo, barabara ndefu: wastaafu kutoka Dar hadi Mbeya

Kabla ya kufungua ramani, pimeni uzito. Kitabu cha gari kinaonyesha kikomo cha kuvuta tela lisilo na breki, na kwa magari mengi ni kilo 750 au pungufu. Hesabu ni ya tela likiwa na mzigo wote. Maji lita 60 ni kilo 60. Ongeza mtungi wa gesi, hema, magodoro na sufuria, tela tupu la kilo 300 linafika 500 bila mtu kushtuka. Lipelekeni kwenye mizani likiwa limepakiwa. Usajili na bima ya tela pia viangaliwe mapema.

Uzito unaoegemea gari una mizani yake. Egesha pahali tambarare, weka mizani ya kupimia watu chini ya ulimi wa tela, yaani ncha ya mbele inayofungwa kwenye gari, juu yake gogo la kuufikisha kwenye kimo chake cha kawaida. Inatakiwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, yaani kilo 50 hadi 75 kwa tela la 500, bila kuvuka kikomo cha gari. Ukipungua, tela litayumba kwenye mteremko au basi linapokupita. Vitu vizito vikae chini, mbele kidogo ya ekseli. Likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta na unyooshe usukani. Kukanyaga breki kwa ghafla ndiko kunakolipindua.

Chalinze, kama kilomita 100 kutoka Dar, simameni. Kazeni nati za magurudumu upya na mguse kitovu cha kila gurudumu. Uvuguvugu si neno. Kikiunguza, beringi imekazwa mno au haina grisi. Bebeni beringi, sili na grisi. Rimu za tela zikilingana na za gari, tairi moja la akiba linatosha vyote viwili, kwa hiyo mwambieni fundi anayelitengeneza tela kabla hajachomelea. Taa za tela zikififia au kuwaka ovyo, anzeni na waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi.

Siku ya kwanza iishie Morogoro. Kilomita 250 kwa siku zinatosha, na saa tisa alasiri hema liwe limesimama. Hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara kuu inaikata kwa kilomita 50 hivi, ipitwe mchana. Kwenye mlima wa Kitonga, kabla ya Iringa, pandeni kwa gia ndogo. Wakati wa kurudi, gia hiyo hiyo iingie kabla mteremko haujaanza, maana breki za gari ndizo zinazosimamisha na tela. Ukisikia harufu ya breki, zimeshachelewa kupoa.

Iringa mkae siku kadhaa. Mkienda Hifadhi ya Ruaha, liacheni tela kambini. Kutoka hapo hadi Mbeya ni kilomita 330 hivi, zikateni Makambako. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, ila Juni na Julai nyanda za juu zina baridi kali: blanketi mbili kwa kila mtu, kiinua mgongo kisiishie hospitali.

Dawa za presha na sukari zizidi siku za safari kwa wiki mbili, zigawanywe mifuko miwili. Insulini isigusane na barafu; ikiganda imeharibika.

Na kurudi nyuma mjifunze uwanjani kabla ya kuondoka: shika usukani kwa chini, upeleke mkono upande unaotaka tela liende, polepole, mwenzako akisimama unapomwona kwenye kioo.