SOMO: Siku ya michezo shuleni wakati wa joto kali

Shule za Pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara pamoja na Zanzibar, zikifunguliwa Januari timu za madarasa huanza mazoezi papo hapo, na hiyo ndiyo miezi ya joto. Tatizo si jua peke yake. Hewa imejaa unyevunyevu, jasho halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Ndiyo maana nyuzi 32 za Tanga humzidi mtoto kuliko nyuzi hizo hizo za Dodoma.

1. Panga ratiba upya. Riadha na mpira viwe saa moja hadi saa nne asubuhi, kisha kuanzia saa kumi jioni. Katikati hapo weka ngonjera, kwaya au bao, chini ya paa. Jambo linaloniuma zaidi ni watoto wa halaiki na gwaride: wanapangwa mistari saa tatu, mgeni rasmi anafika saa sita, na muda wote huo wamesimama juani. Mgeni akichelewa, watoto wakae kivulini hadi gari lake lionekane getini. Hotuba nazo waisikilize wakiwa wamekaa kivulini. Hakuna mgeni mwenye busara atakayechukia.

2. Wazoeshe kidogo kidogo. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Aliyekuwa likizo Njombe au Lushoto asipelekwe mbio za mita 1500 wiki ya kwanza.

3. Waulize wazazi mapema. Nani ana selimundu, nani ana pumu, nani ametoka kuugua malaria au kuhara wiki hiyo? Mwenye selimundu akipungukiwa maji anaweza kupata maumivu makali, kwa hiyo apewe jukumu lisilo la kukimbia. Mwenye homa hachezi, hata kama ndiye kapteni.

4. Piga hesabu ya maji. Kwa watoto wa miaka 9 hadi 12, kadiria mililita 200 kila dakika 20, wakisikia kiu wasisikie. Watoto 100 kwa saa tatu ni lita 180, yaani madumu tisa ya lita 20. Yajazwe maji safi ya kunywa na yawekwe kivulini, maana maji yaliyochemka juani mtoto hayagusi. Kila mmoja awe na kikombe chake.

5. Mavazi. Jezi nyepesi, kofia kwa wanaosubiri. Wanaocheza peku waangaliwe, mchanga wa saa saba unaunguza nyayo.

6. Mteue mtu wa kusimamisha mchezo. Asiwe kocha, kwa sababu kocha anataka ushindi. Kazi yake ni kuangalia watoto tu. Akiona mtoto anayumba, analalamika kichwa, anatapika au amekakamaa misuli, anamtoa, na hapingwi na mtu. Mtoto huyo harudi uwanjani siku hiyo.

7. Jiandae kumpoza aliyezidiwa. Mtoto akianza kuongea yasiyoeleweka, akashindwa kutambua wenzake au akaanguka na kupoteza fahamu, hiyo ni hatari ya kifo. Usianze kutafuta bodaboda. Mpeleke kivulini, mvue jezi na viatu, mmwagie maji mwili mzima bila kuacha huku wengine wakimpepea. Kama kuna beseni kubwa au pipa, mtumbukize hadi kifuani huku ukimshika kichwa. Khanga zilizolowa ziwekwe kichwani, shingoni, kwapani na kwenye kinena, zibadilishwe kila zikipata joto. Mtu mwingine atafute gari wakati huo huo, na kumpoza kuendelee hata njiani. Maji haya yatengwe tangu asubuhi, mbali na yale ya kunywa.

Maswali ya wazazi na walimu

*Mzazi, Temeke: Nimesikia aliyezidiwa na joto hatoki jasho. Ni kweli?*
Si lazima. Aliyekuwa anakimbia anaweza kuwa amelowa jasho na bado yuko hatarini. Angalia akili yake: muulize jina lake na darasa lake.

*Mwalimu wa michezo, Pangani: Tumpe dawa ya homa?*
Hapana. Joto hili si la homa, dawa hiyo haitalishusha. Na asiye na fahamu timamu asinyweshwe chochote, atapaliwa.

*Mama wa wawili, Mtwara: Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu je?*
Vya kuongeza nguvu mtoto asipewe kabisa. Maji yanatosha, na dafu ni jema. Akiwa ametoka jasho jingi sana, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe na kilima.

*Mwalimu, Unguja: Mwezi wa Ramadhani tufanyeje?*
Ahirisheni mashindano hadi baada ya Idi. Ikishindikana, waliofunga wapewe kazi ya kuhesabu magoli au kushika saa, kivulini. Mtoto akizidiwa, mfungulisheni hapo hapo. Mgonjwa ameruhusiwa, na ambaye hajabaleghe saumu haijawa wajibu kwake. Mjulisheni mzazi siku hiyo hiyo.