Kabla ya Kula Nje Kigoma: Muulize Ziwa Kwanza

Anayekwenda kula nje Kigoma kwa mara ya kwanza huanza kwa kuuliza mgahawa gani ni mzuri. Swali hilo lina majibu, lakini lingoje. Mji huu hula alichotoa Ziwa Tanganyika usiku uliopita, na ziwa lina ratiba yake ambayo haibandikwi ukutani. Kabla hujapanga utakula wapi, angalia kalenda ujue mwezi uko wapi.

Sababu ni hii. Dagaa na migebuka, samaki wawili waliolipa jina jiko la Kigoma, huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huingia ziwani jua likizama, wakawasha taa zao, zamani karabai na siku hizi nyingi za betri na sola. Samaki hukusanyika kwenye mwanga, kisha wavu huinuliwa kutoka chini. Mbalamwezi ikiwa kali, taa ya mvuvi haifui dafu. Samaki hutawanyika, na wavuvi wengi huziweka mitumbwi pwani kwa wiki hivi mpaka giza lirudi. Kwa hiyo ukifika mwezi ukiwa mpevu utakuta dagaa wakavu, migebuka waliokaushwa, na samaki aliyekaa kwenye friza. Hao nao ni chakula, na mgebuka mkavu uliopikwa rosti na mama anayejua kazi yake siubadilishi na samaki mbichi wa mpishi goigoi. Lakini kama umepanda treni ya reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi mwisho wa reli kwa ajili ya dagaa wabichi wa kukaanga, panga uingie siku za giza. Wiki moja tu inaweza kubadilisha sahani yako yote.

Jambo la pili katika hesabu hiyo hiyo ni kupumzishwa kwa ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, kufuatana na makubaliano na nchi nyingine tatu zinazolizunguka: Burundi, Kongo na Zambia. Katika kipindi kama hicho mgeni asije na orodha ya samaki mfukoni. Hesabu yake iwe kuku, mbuzi, maharage na sombe, ile mboga ya kisamvu. Uliza kabla ya kukata tiketi, maana miezi hiyo ya kiangazi ndiyo wengi huipenda kusafiri: barabara ni kavu, na sokwe wa hifadhi ya Gombe ni rahisi zaidi kuwafikia.

Sasa wajue samaki wenyewe, usije ukaagiza kwa kubahatisha. Dagaa wa Kigoma ni mwembamba, ana ng'aro ya fedha, hana ule uchungu ambao watu wa bara wameuzoea kwa dagaa wa ziwa jingine, na huliwa mzima na kichwa chake. Akiwa mbichi hukaangwa mpaka akauke, ukamwagia ndimu. Mgebuka ni mrefu, nyama yake ina mafuta yake yenyewe, anafaa zaidi kuchomwa kuliko kukaangwa, ingawa wapishi wengi watakukaangia usipowazuia. Kuhe hapatikani ziwa jingine lolote duniani. Nyama yake ni nyeupe na imeshikana, na mwenyewe ni mkubwa kiasi cha watu wawili kushiba samaki mmoja. Havuliwi kwa taa kama wale wawili, kwa hiyo hata mbalamwezi ikiwaka unaweza kubahatika. Sangala ni wa vipande, wa kupika mchuzi. Nikilazimishwa kuchagua mmoja kwa mgeni wa siku moja, nitasema kuhe wa kuchoma, na nitakuwa tayari kubishana na mtu wa Katonga, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma.

Kwa dagaa wakavu kuna swali moja ambalo wenyeji huuliza na wageni hawalijui: wameanikwa wapi? Dagaa wa chini huanikwa juu ya mchanga wa pwani, na mchanga huo hautoki wote hata waoshwe mara ngapi. Dagaa wa kichanja huanikwa juu ya meza za wavu, upepo unapita chini na juu, nao hawakwaruzi meno. Bei zinatofautiana, na mgahawa unaojali utakujibu bila kusita. Mhudumu akianza kuzungukazunguka kwenye jibu, agiza maharage.

Mafuta nayo yanastahili maandalizi yake. Kigoma ndiyo nyumbani kwa michikichi Tanzania, na mawese mekundu yanaingia kwenye maharage, kwenye sombe, kwenye mchuzi wa samaki, wakati mwingine hata kwenye wali. Ladha yake ni nzito, ina harufu yake, na kwa aliyekulia nayo chakula bila mawese ni cha mgonjwa. Tumbo la mgeni aliyezoea alizeti linaweza kulalamika usiku wa kwanza. Anza na kidogo, au sema mapema, kabla sufuria haijainjikwa: "Mama, samaki wangu naomba umpikie mafuta ya kawaida." Ombi hilo halimkwazi mtu. Kinachokwaza ni kusubiri sahani ifike mezani ndipo uanze kukunja uso. Na usivae shati jeupe. Doa la mawese halisikii sabuni.

Sombe, yaani kisamvu kilichotwangwa na kupikwa kwa mawese, ndiyo mboga inayoonyesha kwamba Kongo ipo ng'ambo tu ya maji. Mara nyingi huwekwa karanga zilizosagwa, na hazionekani. Mwenye mzio wa karanga asitegemee macho. Aulize, tena amuulize mpishi mwenyewe, maana mhudumu anaweza kukubali tu ili akuridhishe.

Ugali nao ulizia. Ukisema "ugali" bila kufafanua, sehemu nyingine utaletewa wa muhogo, kwingine wa mahindi, na kwingine uliochanganywa. Wa muhogo unanata, una harufu ya kuvundikwa kidogo, na hautafunwi sana: unamegwa, unachovywa, unamezwa. Ni wa kushiba kwelikweli. Ukiula saa saba mchana usijipangie mkutano saa nane.

Kuhusu saa, Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini inatumia saa ile ile ya Dar es Salaam, hivyo jua huzama hapa takriban dakika 40 baadaye. Mtu wa pwani hushangaa kuona bado kweupe kwenye saa moja kasoro. Hilo linasogeza kila kitu: wachoma mishikaki huwasha moto wakiwa na muda wao, na wanaokula chakula cha usiku mapema hukuta majiko baridi. Mwezi wa Ramadhani tofauti hiyo ni kubwa zaidi kwa aliyefunga, kwa sababu anafuturu kwa jua la Kigoma, adhana ya Dar kwenye redio haimhusu. Mchana wa Ramadhani pale Ujiji, mji wa zamani wenye Waislamu wengi, usitarajie mgahawa wazi. Asiyefunga atafute chakula eneo la Mwanga au mjini karibu na stesheni, na hata huko ale kwa staha. Ijumaa za kawaida pia, kati ya saa sita na nusu na saa nane, baadhi ya migahawa ya Ujiji hufunga mlango kwa ajili ya sala. Wanaokwenda kuona makumbusho ya Livingstone hujikuta wanazunguka na njaa kwa kutolijua hilo.

Mama ntilie wao wana saa yao. Chai, chapati, supu na maandazi asubuhi; wali, ugali na mboga kuanzia saa sita; na kufikia saa tisa sufuria nyingi zimeshakwanguliwa. Chakula kilichobaki mpaka saa kumi na moja kinakuambia kitu. Ama siku ilikuwa ya mvua, ama wateja wanajua usilolijua.

Samaki wa kuchoma hapikwi kwa haraka. Sehemu za pwani, zikiwemo hoteli kubwa za kando ya ziwa, anaweza kuchukua saa nzima au zaidi tangu uagize, na mkiwa kundi la watu sita mambo huwa mabaya zaidi. Dawa yake ni simu. Pita mapema ukiwa unaelekea shughuli zako, mchague samaki wako, chukua namba ya mpishi, kubalianeni saa. Katika kumchagua fanya kama wanavyofanya akina mama sokoni: jicho liwe angavu, halijazama, funua shavu uone wekundu, bonyeza nyama kwa kidole uone kama inarudi. Ikiwa ametoka kwenye friza, uliza kama umeme ulikatika jana.

Na bei ipatikane hapo hapo, samaki akiwa bado mbichi mkononi. Samaki huuzwa kwa ukubwa wake, na ukubwa huo ukishaliwa hauna ushahidi. Uliza pia kama ugali, kachumbari na ndizi vimo ndani ya bei au vinahesabiwa peke yake. Malipo ya simu yanapokelewa kwenye migahawa mingi ya mjini, lakini kwa mama ntilie na pwani Kibirizi beba noti ndogondogo. Noti ya elfu kumi asubuhi na mapema ni mzigo kwa kila mtu. Utamwona mtoto anatumwa maduka manne kutafuta chenji huku chai yako inapoa.

Suala la maji nalisema bila kupaka rangi. Kigoma ni ukanda unaokifahamu kipindupindu; Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, kijiji cha pwani kaskazini mwa mji, ugonjwa huo ulilipuka na kuua watu. Siku za mlipuko halmashauri hupiga marufuku chakula cha barabarani, na mgeni anapaswa kuuliza hali ikoje kabla ya kufika. Siku za kawaida kanuni ni chache. Chakula kiwe cha moto kiasi cha kutoa mvuke. Maji yawe ya chupa ambayo wewe ndiye uliyeifungua. Juisi ya kienyeji yenye barafu, kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi na matunda yaliyomenywa yakaachwa wazi, viache. Angalia sehemu ya kunawa: ndoo yenye koki na sabuni inatosha, lakini beseni moja ambalo wateja wote wanachovya mikono ni sababu ya kusema asante na kuendelea na safari. Watu wengi huona haya kuondoka wakishakaa. Haya hiyo haitibu tumbo.

Jioni kando ya maji kuna mbu, na Kigoma ni miongoni mwa mikoa ambayo malaria bado ni nyingi. Suruali ndefu, soksi, na dawa ya kujipaka, basi.

Wanaokunywa wajue kwamba migahawa mingi ya Ujiji haiuzi pombe na si adabu kuingia na chupa yako. Bia na nyama choma vipo Mwanga na mjini, na kitimoto pia vipo vibanda vyake maalumu. Muislamu anayekula sehemu yenye bia aulize jiko ni moja au ni mawili. Wenye sehemu hizo wamezoea swali hilo na hawachukii.

Usikivu mdogo hulipa sana kwenye majiko haya. Msalimie mama kwanza, shikamoo kama anastahili, ndipo uulize "leo kuna nini?" Swali hilo lina faida kuliko "mna nini?", maana anakutajia kilichoingia asubuhi badala ya orodha ya mwaka mzima. Akikuambia samaki wa leo si mzuri, mwamini. Amepoteza fedha kwa kukuambia hivyo.

Ukitaka kuondoka na zawadi, usinunue siku ya safari saa ya safari. Nunua dagaa wa kichanja na migebuka wakavu siku moja kabla, waanike tena juani kidogo, uwafunge kwa gazeti kwanza na mfuko juu yake. Wakiwekwa moja kwa moja kwenye mfuko wa plastiki wanatoa jasho na kuota ukungu kabla hujafika Tabora. Kwenye basi, mwambie kondakta mapema kuna samaki, nao wakae buti pamoja na mizigo mingine.